Aliyekunywa Baada ya Mama

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa moto kwa jirani, nilizijua nyumba zote za mlimani kwetu Endabash kwa meko yao. Asubuhi mama akikuta makaa yamelala, alinipa kigae cha chungu kilichovunjika, nami nikashuka mbio mpaka kwa Mama Baran. Kiberiti kilikuwapo, lakini kilikaa juu ya kabati pamoja na dawa, na hakikuguswa ovyo. Mimi nilipenda kutumwa, maana Mama Baran hakuwahi kuniacha nirudi na moto mtupu. Kulikuwa na kiazi, au kipande cha muwa, au walau maneno ya utani kuhusu miguu yangu myembamba.

Asubuhi moja, wiki ile tuliyomzika mdogo wangu Isaya, Mama Baran aliniona nikija na kigae changu. Hakungoja nifike mlangoni. Alitoka akanikuta uani, akiwa amejifunga kanga vizuri kama anayekwenda safari.

"Rebeka, mwanangu, moto wetu umezimika," alisema.

Nyuma yake moshi ulikuwa unatoka kwenye paa, mzito, wa moto uliochochewa muda huo huo. Nilimtazama yeye, nikatazama moshi, nikamwamkia kwa adabu na kurudi. Nilipomweleza mama, alisimama mlangoni akaangalia kule chini kwa muda. Kisha alivuta kiti, akapanda, akashusha kiberiti.

Isaya alikuwa bado ananyonya. Homa ilimshika Jumatatu, na kabla ya gari la kumpeleka hospitali kupatikana alikuwa ameshatutoka. Kwa sisi Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya iliingia kwenye metimani. Sijui Kiswahili kina neno gani kwa jambo hilo. Nyumba inatengwa, au tuseme inajitenga. Haiombi moto wala kutoa moto. Watu wake hawanywi chombo kimoja na wengine, hawaingii kwa jirani, wanachota maji mahali pao na kupita njia yao, mpaka wazee waone imetosha. Haikuwa adhabu na haikuwa chuki. Watu waliogopa kwamba kifo cha namna hiyo hakitulii, kinatafuta tumbo jingine, na hasa kinafuata kinywa na maji.

Lakini baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Pale kaburini, udongo ukiwa bado haujashindiliwa, alivua kofia akasema kwa sauti kwamba nyumba yake ni ya Kristo na haitakaa metimani. Mwinjilisti wetu alijibu "Amina", na watu wote wakaitikia, Mama Baran akiwa mmoja wao. Nilijivunia sana baba yangu siku ile. Ilikuwa Amina ya kusikika mpaka ng'ambo ya bonde, na haikupita hata wiki moto wa Mama Baran ukazimika.

Leo nikiwa mtu mzima naona jambo ambalo sikuliona wakati ule. Kama tungekaa metimani kwa desturi, tungekuwa na utaratibu. Majirani wangeacha mtungi wa maji kwenye njia panda, mtu angetuchungia ng'ombe, na kila mmoja angejua kwamba siku itafika yaishe. Kwa kuwa tulikuwa tumetangaza hatuna metimani, hakuna aliyeweza kukiri kwamba anatutenga. Walitutenga bila kusema. Kijitoni wanawake walimwambia mama, "Tangulia tu, sisi hatuna haraka," halafu wakakaa juu ya mawe wakingoja maji aliyoyagusa yaende zake. Rafiki yangu Magdalena, ambaye tulizoea kung'ata muwa mmoja kwa zamu, alianza kuukata vipande viwili kwa panga la mama yake. Kipande changu kilikuwa kikubwa kuliko chake, na bado nilikichukia.

Aama, ndivyo tulivyomwita bibi mzaa baba, hakujificha. Yeye aliishi ng'ambo ya bonde kwa baba mdogo Tluway, mtoto wake wa mwisho, maana kwetu wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi. Mke wa baba mdogo alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa hiyo aama alipokuja kutuona alisimama nje ya ua wa minyaa, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akaongea kwa kupaza sauti, kwanza kwa sababu ya umbali na pili kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito.

"Kaeni metimani, mwanangu," alimwambia baba. "Mkae, iishe, mtoke. Mkikataa kuingia mtatokaje?"

"Mama, wewe ulibatizwa," baba alisema.

"Nilibatizwa nina mvi tayari. Mlitaka niyasahau yote siku ile ile?"

"Mambo hayo hayana nguvu tena."

"Labda. Lakini mke wako atakuja kukaa peke yake katikati ya watu. Hilo nakuambia, na unikumbuke."

Baba alitikisa kichwa kwa upole wa mtu mwenye hakika. Aama aligeuka akashuka zake bondeni, na mama, aliyekuwa anapepeta maharage, hakuinua macho. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki mtupu, naye bado anaupepeta.

Katika siku hizo niligundua kwamba mama hafumbi tena macho wakati wa sala. Nilijua kwa sababu na mimi sikuwa nafumba yangu. Baba akianza, "Baba yetu uliye mbinguni," mama alitazama mlango, au mikono yake, au kile kigoda kidogo alichokuwa akikalia akimnyonyesha Isaya. Mara moja tukakutana macho. Sikukemewa. Tulitazamana tu mpaka Amina, kama watu wawili waliofumaniwa.

Nilimsikia siku moja akimwambia baba, "Nilimwomba mpaka maneno yakaniisha. Niambie alikuwa wapi."

Baba alimjibu kwamba tusimhoji Mungu. Alilisema vizuri, kama alivyolisema kwa wafiwa wengi kabla yetu. Mama hakuuliza tena.

Kisha ikatangazwa kwamba mchungaji anakuja kutupa Chakula cha Bwana. Sisi tulikuwa mtaa mdogo wenye mwinjilisti tu, na mchungaji alifika mara chache, kwa pikipiki, na majoho yake kwenye begi lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Watu walifua nguo nyeupe. Ugomvi wa mipaka ya mashamba ulimalizwa haraka haraka ili mtu asiende mezani na kinyongo. Na kikombe, kwa wale wasiokikumbuka, kilikuwa kimoja. Tulipiga magoti kwa mstari, mchungaji akapita na mkate, kisha akapita na kikombe kutoka kulia kwenda kushoto, kila mmoja akinywa pale pale alipoacha mwenzake.

Baba aliliona jambo hilo kabla ya wengine. Jumamosi jioni, tukila makande, alimwambia mama kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kesho uende na kundi la mwisho. Upige magoti mwisho kabisa wa mstari, upande wa kushoto."

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Tusiwakwaze walio dhaifu."

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na halikuwa cheko la furaha. "Baba Rebeka, aliye dhaifu hapa ni nani? Ulisema kaburini hatuna metimani. Sasa mbona unanitafutia njia ya pembeni?"

Nilimwona baba akichezea kijiko, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hata yeye, na kofia yake aliyoivua kaburini, hakuwa na hakika.

"Nitapiga magoti katikati," mama aliendelea. "Kama kuna atakayekinywa kikombe baada yangu, vizuri. Kama hayupo, sitaingia tena mle ndani. Sitamsema mtu vibaya. Nitakaa nyumbani kwangu nilime, basi."

Sikulala vizuri. Mtoto haelewi teolojia, lakini anaelewa mama yake akisema hatarudi mahali. Nilijua kwamba mama akiacha kanisa, na mimi nitaacha, na kwamba baba atabaki akisimama mbele pale na sahani ya sadaka akiitazama nafasi yetu iliyo wazi. Nilitaka kumwomba Mungu atume mtu wa kunywa, kisha nikakumbuka kwamba nilimwomba pia kuhusu Isaya.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya kuchoma, bati juu, madirisha bado hayana vioo. Siku hiyo upepo uliingia na vumbi jekundu, na kupitia dirisha la nyuma ya madhabahu uliona mbali kule msitu wa Ngorongoro, mawingu yakiwa yameulalia kama kawaida. Kundi la kwanza lilikwenda, baba akiwemo. Kundi la pili likaitwa, mama akanyanyuka. Alivaa gauni la bluu la harusi ya dada yake. Alipita katikati, akapiga magoti katikati ya mkeka, kama alivyosema.

Upande wake wa kulia palijaa. Kulia hakukuwa na tatizo, maana hao wangekunywa kabla yake. Kushoto alipiga magoti Mama Baran peke yake, nikafurahi mpaka nikataka kuruka. Lakini mchungaji alipoanza kupita na mkate, Mama Baran alishika pindo la kanga yake, akalitazama kama lenye siafu, akanyanyuka akarudi kwenye benchi huku akijikung'uta. Wala simlaumu leo. Binti yake mkubwa alikuwa na kichanga ndani.

Kikombe kikaja. Wa kulia wakanywa. Mama akanywa. Mchungaji akapangusa ukingo kwa kitambaa cheupe, akageukia kushoto, akakuta mkeka.

"Wengine waje," alisema. Hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka mbali, na alidhani watu wamesinzia.

Hakuna aliyekuja. Mwinjilisti alikuwa anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Waliokuwa kwenye foleni walitazama sakafu, na waliokuwa kwenye mabenchi walifumba macho wakasali kwa bidii ambayo sijaiona tena. Baba alisimama karibu na meza ya sadaka akiwa mweupe midomo. Yeye alikuwa ameshashiriki, na hata angerudi isingesaidia kitu, kwa kuwa alikuwa wa nyumba ile ile. Mama alibaki amepiga magoti, mgongo wima. Nilimwona akianza kujinyanyua.

Ndipo fimbo ikasikika nyuma, kwenye benchi la vikongwe. Aama alikuwa anakuja. Alikuja polepole mno, akisimama kupumzika, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Mimi niliwaza kwamba anakwenda kumwondoa mama pale, amrudishe nyumbani, amwambie, "Nilikuonya." Alipofika alikabidhi fimbo kwa mchungaji, ambaye hakujua afanye nini nayo, akaweka mkono wake wote juu ya bega la mama ili apate kushuka. Tangu msiba hakuna mtu wa nje ya nyumba yetu aliyekuwa amemgusa mama.

"Naogopa sana, mwanangu," alimnong'oneza kwa Kiiraqw. Mnong'ono wa mtu mwenye masikio mazito husikika na wote. "Sogea kidogo."

Mama akasogea. Mchungaji, fimbo mkono mmoja na kikombe mkono wa pili, akainama. Aama alikishika kwa mikono miwili, divai ikamdondokea kidevuni. Alikunywa kama anayekunywa dawa chungu, macho yamefumbwa kabisa, na mchungaji alilazimika kukivuta kikombe kwa nguvu kidogo. Baada yake alikuja mzee mmoja, kisha mjane wa huko juu, kisha wengine. Si wote. Mama Baran alibaki kwenye benchi akilia kwenye kanga.

Mpaka hapa naweza kuihadithia kanisani na watu wakapiga makofi. Bibi alishinda mila kwa imani, Haleluya. Ila sivyo ilivyokuwa, na kilichotokea baada ya ibada ndicho ninachokishikilia zaidi.

Tulipotoka nje, aama hakushika njia ya bondeni. Alikaa juu ya jiwe akaniita. Alinituma nikasimame juu ya kilima nimwite baba mdogo Tluway kwa sauti, nimwambie alete kigoda chake, blanketi na kata yake ya kunywea, aviache kijitoni, asivuke.

"Mama, unafanya nini?" baba aliuliza.

"Nahamia kwenu. Nimeshaingia."

"Umeingia wapi? Umekunywa damu ya Kristo! Hakuna metimani iliyobaki hapo."

"Labda ni kweli," aama alisema. "Ningependa iwe kweli. Lakini sina hakika, na mke wa mdogo wako ana tumbo. Siwezi kwenda kujaribia kutokuwa na hakika kwangu kwenye mtoto wake."

"Sasa kwa nini ulikunywa?"

Aama alimtazama kama anamwona mjinga kidogo, mjinga anayempenda. "Mtoto wa watu alikuwa amepiga magoti peke yake," alisema.

Alikaa kwetu muda wote wa kilimo mpaka mavuno. Alileta metimani ndani ya nyumba ya mzee wa kanisa bila kumwomba ruhusa, na nyumba ikapumua. Alitundika kata yake ukutani karibu na ya mama, akachagua njia yetu ya kwenda majini, akawapigia kelele majirani kutoka uani kwamba tunataka mtu wa kutusaidia ng'ombe, na mtu akapatikana siku hiyo hiyo. Shida ya majirani ilikuwa ni kutojua waseme nini. Sasa walijua. Mama Baran alianza kutuwekea viazi kwenye njia panda. Jioni aama aliketi na mama wakichambua mbegu, wakamwongelea Isaya kwa jina, jinsi alivyopenda kushika sikio la mama akinyonya. Mama alilia sana miezi ile. Kila baada ya chakula aama alisali Baba Yetu, akiikosea pale pale kila siku, na baba alijifunza kutomsahihisha.

Mke wa baba mdogo alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Kanisani walisema ni maombi. Wazee walisema ni kwa sababu aama alikaa mbali. Nesi wa zahanati alisema ni kwa sababu mjamzito alihudhuria kliniki. Ukiniuliza mimi, sijui. Kwa miaka mingi nilidhani ni lazima nichague jibu moja, na lile nililolichagua mchana lilinikimbia jioni.

Wazee walipoona imetosha, aama alifagia majivu yote ya jikoni mpaka sakafu ikaonekana, akamwambia mama awashe moto mpya. Haukuwa umewaka vizuri tulipoona Mama Baran anapanda mlima na kigae cha chungu mkononi. Alisimama mlangoni.

"Mama Rebeka, nisaidie," alisema. "Moto wangu umezimika."

Sote tulitazama kule chini nyumbani kwake. Moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye paa lake, moja kwa moja, maana upepo haukuwapo. Mama alichagua makaa makubwa kuliko yote. Kisha wakakaa jikoni, wakanywa chai kwenye kikombe kimoja ingawa vikombe vilikuwa vingi.

Mama alirudi kanisani na hajaacha hata leo. Anasali macho wazi. Nilimuuliza zamani kama alipata jibu la lile swali alilomuuliza baba, Mungu alikuwa wapi. Aliniambia hajalipata, na kwamba kila Jumapili anakwenda nalo. Aama tulimzika chini ya msalaba, na kata yake iko kwangu.

Mimi sasa naishi Karatu mjini. Napika kwenye loji ya watalii, njia ya kwendea geti la Ngorongoro, na Jumamosi nafundisha darasa la kipaimara. Kanisa letu la mjini ni kubwa, lina vigae na spika, na Chakula cha Bwana tunapewa kwenye vikombe vidogo, kila mtu na chake. Ni usafi, na sina ugomvi na usafi. Lakini nafikiri wakati mwingine kwamba siku hizi mtu anaweza kuwa peke yake pale mbele na hakuna hata mmoja wetu atakayegundua.

Mwaka huu kuna binti darasani kwangu, Happy, aliyefiwa na baba yake. Jumamosi moja wenzake walipokwisha toka alibaki akipanga viti ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

"Mwalimu, kama mtu haamini vizuri, akienda mezani si anamdanganya Mungu?" aliuliza. "Si afadhali abaki kwenye benchi?"

Jibu la kitabu ninalo, naweza kulisema nimelala. Lakini mimi mwenyewe, mwaka mmoja mume wangu alipougua, nilikaa kanisani miezi mingi nikiwa mtupu kabisa, nikiimba sauti ya pili bila kukosea hata noti, na hakuna aliyejua. Nikakaa chini nikamweleza Happy habari za kikombe na aama, kama nilivyowaeleza ninyi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo bibi yako aliamini au hakuamini?"

"Sijui, mwanangu. Aliogopa, akaja."

Hakuonekana kuridhika, na sikumlazimisha aridhike. Jumapili iliyofuata nilikuwa na wanakwaya nilipomwona amekaa benchi la nyuma peke yake, akitazama mlango, macho wazi wakati watu wote wanasali. Nilimkabidhi jirani yangu kitabu cha nyimbo. Mwalimu wa kwaya alinikazia jicho, nikashuka hivyo hivyo na joho langu la kwaya, nikapita kanisa zima mpaka kule nyuma. Niliogopa, kwa kuwa sikuwa na neno lolote la kumpa.

"Sogea kidogo," nikamwambia.